Stima zilizokuja vipande vipande: historia ya meli za abiria Ziwa Victoria

Mkazi wa Goziba hana barabara ya kwenda Muleba mjini. Awe anampeleka mtoto hospitali, anasindikiza dagaa sokoni au anawahi msiba Bukoba, safari yake huanza kwa kupanda chombo. Hali ni hiyo hiyo Bumbire, Ikuza, Mazinga na Kerebe, kata nyingine za visiwani katika Wilaya ya Muleba. Ndiyo maana tumeamua kueleza kwa urefu habari za meli za abiria za ziwa hili: zilitoka wapi, zililetwa kwa kazi gani, zilimbeba nani, na kwa nini baadhi yake hazikufika.

Tutaanzia mbali kidogo, huko Uskoti, sehemu ya kaskazini ya Uingereza. Stima za mwanzo za Ziwa Victoria ziliundwa huko, na meli ya abiria ambayo watu wa Kagera wanaijua kuliko zote, MV Victoria, nayo ni ya huko.

Walikoanzia wenzetu wa visiwani

Uskoti nzima ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 78,000. Ziwa Victoria peke yake ni karibu 69,000, kwa hiyo tukisema ziwa letu linakaribia kulingana na nchi nzima ya watu hao hatutii chumvi. Upande wa magharibi wa nchi hiyo kuna visiwa vingi, na zamani watu wake walisafiri kwa mashua za tanga wakisubiri upepo uwahurumie.

Mwaka 1812 mtu aitwaye Henry Bell alianzisha safari za stima ndogo iliyoitwa Comet katika Mto Clyde, kati ya mji wa Glasgow na Greenock. Bell alikuwa na hoteli katika mji wa Helensburgh, ng'ambo ya maji, na alitaka wageni wamfikie bila kungoja upepo. Comet ndiyo stima ya kwanza Ulaya kubeba abiria kwa biashara, kwa nauli na kwa siku zinazojulikana.

Stima si kitu cha ajabu. Sufuria ya maji ikichemka jikoni, mvuke huinua kifuniko. Katika stima, maji huchemshwa ndani ya pipa kubwa la chuma, yaani boila, na mvuke ukasukuma chuma kinachokwenda mbele na nyuma, nacho kikazungusha magurudumu ya makasia ubavuni au pangaboi chini ya tezi. Kinachotakiwa ni maji na moto. Maji ziwani yapo, na kwa moto stima zetu za mwanzo zilichoma kuni. Tani nyingi za kuni zilikatwa na kubebwa hadi ufukweni ili stima ifike bandari ya pili.

Herufi mbili zinazotangulia jina la meli nazo zinatokana na hapo. SS ni meli ya mvuke. MV ni meli inayoendeshwa na injini ya mafuta, kama dizeli. Ukisikia SS Usoga na MV Victoria, umeshajua ipi ilichemsha maji.

Meli iliyobebwa kichwani

Kabla ya stima, ziwa lilikuwa na vyombo vyake. Waganda, ambao huliita Nalubaale, walikuwa na mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa, yenye wapiga makasia wengi, na ilivuka hadi pwani za Buhaya kwa biashara na kwa vita. Mzungu Henry Morton Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1875 alitumia mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande ili wapagazi waibebe kutoka pwani. Aprili mwaka huo aligombana na watu wa Bumbire, na Agosti akarudi na bunduki akaua watu kisiwani hapo. Kwa visiwa vya Muleba, chombo cha kwanza cha kigeni kilichofika kwa vipande kilileta msiba.

Wazo la kuleta stima lilitoka kwa kampuni ya Mskoti mwingine, William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown, mji ulio kwenye ncha ya rasi ndefu ambao wenyewe ulitegemea meli. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya stima za barua huko India, na mwaka 1872 stima zake zikaanza kuleta barua kati ya Aden na Zanzibar kila mwezi. Mwaka 1888 kampuni yake nyingine ikapewa kibali cha serikali ya Uingereza kutawala na kufanya biashara katika eneo ambalo leo ni Kenya na Uganda. Kampuni hiyo ndiyo iliyoagiza stima kwa ajili ya ziwa.

Kazi ilipewa kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley, karibu na Glasgow. Mafundi wa Paisley walikuwa na utaratibu wao. Waliiunga meli nzima kiwandani kwa bolti za muda, wakahakikisha kila bamba la chuma linakaa mahali pake, kisha wakapiga namba juu ya kila kipande, wakaifungua yote na kuipakia kwenye makasha. Fundi wa upande wa pili, asiyewahi kuiona meli hiyo, alipaswa kusoma namba tu na kuunganisha, safari hii kwa misumari ya chuma iliyopigwa ikiwa ya moto.

Karatasini inaonekana rahisi. Vipande vya stima hiyo ya kwanza vilifika Mombasa reli ikiwa bado haijafika ziwani, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya wapagazi. Bamba la chuma halikunjwi kama jamvi. Mackinnon mwenyewe alifariki mwaka 1893, na stima iliyopewa jina lake, SS William Mackinnon, ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, miaka saba baada ya mazishi yake. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Yaani meli ilitangulia, reli ikafuata.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. SS Winifred na SS Sybil, nazo kutoka Paisley, zilianza kazi miaka ya 1902 na 1903. Zikafuata Clement Hill na Nyanza, na karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza zikaja Usoga na Rusinga. Zote zilifika kwa makasha yenye namba na kuungwa Kisumu na mafundi Wahindi na Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa ubavuni mwa chombo chochote.

Stima ya nani?

Stima hizi zilikuwa mali ya reli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuipa reli mzigo: kukusanya ngozi, pamba, karanga na kahawa kuzunguka ziwa na kupeleka Kisumu, ili mabehewa yasirudi Mombasa matupu. Hata Bukoba, uliokuwa mji wa Wajerumani tangu Emin Pasha alipojenga kituo hapo mwaka 1890, ilijikuta ikiuza ngozi na kahawa kupitia stima na reli ya Waingereza, kwa kuwa reli ya Wajerumani ya kutoka Dar es Salaam haikufika ziwani wakati wao.

Njia ilikuwa ya mzunguko: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Entebbe au Port Bell, Jinja, na kurudi Kisumu, nyingine zikienda upande wa pili. Ukiitazama ramani utaona jambo moja. Bandari hizo zote ziko bara. Stima ilisimama penye ghala la pamba au kahawa, na mtu wa Goziba aliyetaka kuipanda ilimbidi kwanza avuke kwa mtumbwi hadi bandarini.

Mwaka 1914 vita vilipoanza, stima za abiria zilifungwa mizinga. Sybil iligonga mwamba Novemba mwaka huo upande wa Wajerumani, ikaachwa hapo, kisha mwaka 1915 ikainuliwa na kurudishwa kazini. Juni 1915 stima kutoka Kisumu zilileta askari wa Uingereza Bukoba. Walipigana kuanzia tarehe 21 hadi 23, wakauteka mji, wakaupora na kuondoka. Shabaha yao kuu ilikuwa kituo cha mawasiliano ya redio cha Wajerumani, ambacho walikilipua. Sisi watu wa redio tunakumbushana habari hiyo mara kwa mara.

Baada ya vita mzunguko uliendelea kwa miaka mingi, ukibeba kahawa ya Bukoba, barua, wanafunzi, wafanyabiashara na wagonjwa. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba na meza ya chakula. Daraja la tatu lilikuwa sitaha, na abiria alilala alipoweka mzigo wake. Tofauti hiyo ya madaraja tutairudia, maana ilikuja kuwa na maana kubwa kuliko starehe.

Victoria, malkia wa barua

Baadaye Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliagiza meli mpya ya dizeli kutoka kiwanda cha Yarrow, Scotstoun, mjini Glasgow. Utaratibu ulikuwa ule ule wa Paisley: iliungwa, ikapigwa namba, ikafunguliwa, ikasafirishwa na kuungwa upya Kisumu. Ilianza kazi mwaka 1961 ikiitwa RMS Victoria. Herufi hizo zilimaanisha meli ya barua za malkia wa Uingereza, nazo ziliondolewa baadaye ikabaki MV. Katikati ya miaka hiyo hiyo ya 1960 zikafuata Umoja na Uhuru, meli pana za kubeba mabehewa ya treni. Majina yenyewe yanaonyesha upepo wa wakati huo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, meli zikagawanywa kama vyombo vya nyumba ya waliotalikiana, na mzunguko wa ziwa ukakatika. Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Kuanzia hapo Victoria ikawa meli ya Mwanza na Bukoba, ikipitia Kemondo. Ndizi, maharage, kahawa na watu vilishuka Mwanza asubuhi, na jioni nguo za dukani, sabuni na watu wengine wakapanda kurudi. Vizazi viwili vya Wahaya waliosoma au kufanya kazi nje ya mkoa waliondoka nyumbani kwa meli hiyo.

Asubuhi ya Mei 21, 1996

MV Bukoba ilikuwa meli ndogo zaidi, iliyotoka Ubelgiji na kuanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Usiku wa Mei 20, 1996 iliondoka Bukoba, ikapakia wengine Kemondo, ikaelekea Mwanza. Asubuhi ya Mei 21, ikiwa imebakiza safari fupi kufika, ililala upande mmoja, kisha ikapinduka.

Haikuzama papo hapo. Ilielea kwa saa kadhaa, tumbo juu, na waliofika kusaidia waliwasikia watu wakigonga chuma kutoka ndani. Wakatoboa bodi ili wawatoe. Hapo ndipo hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyoishikilia meli juu ya maji, ilipotoka, na meli ikaenda chini. Uamuzi huo umelaumiwa kwa miaka mingi. Sisi tunaona ni vyema kukumbuka kwamba waliotoboa walikuwa wakisikia sauti za watu, na hapakuwa na kikosi cha uokoaji chenye ujuzi wala vifaa karibu. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini waliitwa baadaye kuja kutoa miili.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilichunguza, na baadhi ya watumishi wa shirika la reli lililoimiliki meli walifikishwa mahakamani. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza, na kumbukumbu hufanyika pale kila Mei 21.

Je, walikufa wangapi? Idadi inayotajwa ni zaidi ya 800, na wapo wanaotaja hadi elfu moja. Pengo hilo lina sababu. Orodha ya abiria iliyokuwapo ilihusu daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu, wale wa sitaha na vyumba vya chini, hawakuandikwa majina. Meli za ziwa hili zilitoka Uskoti kila bamba likiwa na namba yake. Barua zilizosafiri kwa Victoria ziliandikwa kwenye daftari, na magunia ya kahawa yalihesabiwa kwenye gati. Mama aliyepanda Kemondo na mikungu yake ya ndizi hakuandikwa popote, na familia yake ilipokwenda Mwanza kumuulizia, haikuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa alipanda.

Kwa nini chombo hupinduka

Chombo chochote kinapoinama, uzito wake wa chini hukivuta kisimame tena. Ndiyo kazi ya mzigo mzito kuwekwa chini kabisa, na meli nyingi huwa na matangi ya maji chini kwa ajili hiyo hiyo. Uzito ukiwekwa juu, yaani watu wamejaa sitaha ya juu na mizigo imepangwa juu ya paa, chombo kikiinama ule uzito wa juu nao unainama pamoja nacho, na unakisukuma kiendelee kuanguka. Mwanamke aliyebeba ndoo kichwani anaijua kanuni hii bila kuisoma: akijikwaa na ndoo iko kichwani, ni kazi kujirudisha, akiwa ameishika mkononi, hajali sana.

Meli haihitaji dhoruba ili ipinduke. Inatosha abiria wengi wakimbilie upande mmoja.

Ndivyo ilivyoelezwa kuhusu MV Nyerere, kivuko cha Ukerewe. Septemba 20, 2018 kilikuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, siku ya mnada. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, watu wakijiandaa kushuka. Walikufa watu 228. Fundi mmoja wa kivuko aliokolewa akiwa hai siku mbili baadaye, baada ya kubaki ndani mahali palipokuwa na hewa. Zilikuwa zimepita miaka 22 tangu MV Bukoba, na swali la kwanza lilikuwa lile lile: walikuwamo wangapi? Aliyekuwa akikata tiketi alizama pamoja na mashine iliyohifadhi hesabu.

Hata Uskoti, walikoanza kuunda stima mapema, maji yamewaliza. Usiku wa kuamkia Januari 1, 1919 meli Iolaire iliyokuwa ikirudisha mabaharia nyumbani kutoka vitani iligonga miamba karibu na bandari ya Stornoway, katika kisiwa cha Lewis. Walikufa 201, hatua chache kutoka nchi kavu, katika kisiwa ambacho karibu kila kijiji kilipoteza mtu. Watu wa Ukara wangewaelewa bila mkalimani.

Bara wana daraja, visiwani je?

MV Victoria ilisimama mwaka 2014 kwa ubovu. Kwa miaka sita Bukoba haikuwa na meli ya kuaminika ya kwenda Mwanza, na abiria wakahamia kwenye mabasi ya kupitia Geita na Biharamulo. Baada ya matengenezo makubwa, na injini mpya, ilirudi Agosti 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Mwanza nako ikaundwa meli mpya kabisa, MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, abiria 1,200, tani 400 za mizigo na nafasi ya magari. Ilishushwa majini Februari 2023. Mkandarasi alitoka Korea Kusini, na meli iliungwa hapo hapo Mwanza. Miaka zaidi ya 120 baada ya Paisley, bado hakuna mto wala mfereji wa kuiingizia meli kubwa ziwani kutoka baharini, kwa hiyo bado ni lazima iungwe ufukweni.

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, lilifunguliwa, na kivuko cha pale hakihitajiki tena kwa anayekwenda Kagera kwa gari. Hizo ni habari njema kwa bara. Mtu wa Bukoba leo anachagua basi, ndege au meli. Mtu wa Goziba hana la kuchagua, na chombo anachopanda mara nyingi ni boti ya mbao yenye injini ya kupachika, iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki kuliko watu.

Hapa kuna jambo moja la Uskoti ambalo tunaona lingefaa kujadiliwa kwetu. Safari nyingi za visiwa vya magharibi mwa nchi hiyo huendeshwa na kampuni ya umma, Caledonian MacBrayne, maarufu kama CalMac. Mwaka 2008 serikali yao ilianza kujaribu utaratibu wa nauli unaosema hivi: nauli ya kuvuka maji ipimwe kwa gharama ya kusafiri umbali huo huo barabarani. Kufikia 2015 utaratibu ulikuwa umeenea katika njia za kampuni hiyo. Maana yake ni kwamba kivuko kinatazamwa kama barabara ya mtu wa kisiwani, na barabara hujengwa na serikali hata pale isipoleta faida. Si kwamba wenzetu hawana shida. Meli yao Glen Sannox, iliyoagizwa mwaka 2015 kwa kiwanda kilicho ukingoni mwa Mto Clyde huo huo na kutarajiwa mwaka 2018, ilianza kazi Januari 2025, na watu wa visiwani walilalamika miaka yote hiyo. Lakini walikuwa na wa kumlalamikia.

Mambo ya kutazama kabla ya kupanda

Kwenye ubavu wa meli kubwa utaona duara lenye mstari katikati. Ni alama ya mzigo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1876, iliyopiganiwa na mbunge Samuel Plimsoll baada ya mabaharia wengi kufa katika meli zilizojazwa kupita kiasi, ilizilazimisha meli kuwa nayo, na leo inatumika duniani kote. Maji yakifunika mstari, meli imezidiwa. Boti ya mbao haina alama hiyo, lakini jicho lako linaweza kuifanya kazi yake. Boti ikiwa bado imetulia ufukweni, tazama ubavu ulio juu ya maji. Kama ni mdogo kiasi kwamba mtu akisimama maji yanakaribia kuingia, katikati ya ziwa wimbi la kwanza litaingia. Tazama pia mzigo uko wapi: magunia ya dagaa ni mepesi ila hupangwa juu sana, na abiria wakikaa juu yake, uzito wote umekwenda juu.

Usalama wa vyombo husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na boti ya abiria inapaswa kukaguliwa na kuwa na jaketi okozi. Jaketi lililofungwa kwenye kifurushi chini ya magunia halisaidii mtu; livae kabla injini haijawashwa, na mtoto avae la kimo chake. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa upepo na mawimbi ya ziwa. Radi na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri, kwa sababu usiku nchi kavu hupoa upesi, upepo ukavuma kutoka pande zote kuelekea majini na kukutana juu ya maji yenye joto. Anayeondoka Goziba saa tisa za usiku ili awahi soko anaondoka wakati huo huo.

Ajali ikitokea, wa kwanza kufika huwa wavuvi. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliokolewa 24, na wavuvi wa mitumbwi ndio waliotangulia kufika mlangoni. Kwa hiyo namba za simu za wavuvi na za uongozi wa ufukwe unakokwenda ziwe kwenye simu yako na ya uliyemwacha nyumbani.

Na kwa kuwa boti nyingi za visiwani hazina daftari la abiria, andika mwenyewe. Kabla hamjaondoka, mtumie ndugu ujumbe mfupi wenye jina au namba iliyochorwa kwenye boti, saa mliyoondoka, mnakokwenda, na idadi ya watu mliomo, watoto wachanga wakiwa wamehesabiwa. Mkifika, mtumie mwingine.